Saa Iliyokataa Kufika Sifuri

Kama unasoma haya ukiwa kwenye benchi la hospitali, na kadi yako iko chini kabisa ya rundo, usijisumbue kunyanyua shingo kila mlango unapofunguka. Utaitwa. Mimi niliitwa baada ya kusubiri mpaka benchi likaanza kuota majani, na bado nimerudi nikiwa mzima wa kutosha kukusimulia.

Sina utaalamu wa dawa. Cheti changu ni cha kidato cha nne, tena cha masomo ya jioni pale Bunda, na nilikipata nikiwa tayari mama wa mtoto anayejua kusoma. Kwa hiyo habari za homa ya uti wa mgongo, inaingilia wapi na inatokea wapi, waulize wenye makoti meupe. Mimi nitakueleza jambo moja ambalo hakuna aliyenieleza: homa inaweza kuondoka, mwili ukaruhusiwa kurudi nyumbani, halafu kichwa kikabaki nyuma kama abiria aliyeshuka kununua mahindi basi likamwacha. Unafanyaje kukisubiri? Hilo ndilo nililotaka kulijua, na jibu lake lilinikuta sebuleni kwa mama mkwe.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda sokoni Bunda. Homa iliponikamata, pamba ilikuwa inauzwa. Malori yanapita yamejaa mpaka barabara yote ya Mwanza inaonekana imenyeshewa theluji, na wateja wangu wana furaha ya mavuno, kila mmoja anataka gauni kabla ya Jumapili. Asubuhi moja nikainama kukata, shingo ikagoma. Nikajaribu tena, ikagoma tena. Mchana kichwa kilikuwa kizito kama gunia la pamba lililolowa. Jioni, mume wangu Manyama, anayetengeneza pikipiki karibu na stendi, alinikuta nimelala chini ya meza ya kukatia, nabishana na cherehani. Wanasema nilikuwa nailaumu kwa jambo ambalo mpaka leo hakuna anayetaka kuniambia.

Akanipeleka Musoma, hospitali kubwa. Siku za kule ninazo vipandevipande tu, kama mabaki ya vitambaa chini ya meza. Nakumbuka doa kwenye dari lenye umbo la kisiwa cha Ukerewe, nikawa nasafiri kwenda na kurudi siku nzima bila nauli. Nakumbuka sindano. Miaka yote nimechoma nguo za watu bila huruma. Naamini sindano zote za mkoa wa Mara zilikutana Musoma kulipiza. Nesi mmoja alikuwa ananichoma huku ananiuliza bei ya kushona gauni la harusi, na nilikuwa namjibu, maana biashara ni biashara. Mama wa kitanda cha jirani, aliyetokea Bukima kumuuguza binti yake, alikuwa akiletewa supu ya sato kutoka kwao, na kila siku alinimiminia nusu kikombe kabla hajampa mgonjwa wake. Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Supu ile naisikia mdomoni mpaka sasa.

Niliporuhusiwa nilikuwa mwembamba kiasi kwamba upepo wa ziwa ulitaka kuondoka na mimi. Nywele zilikuwa zimetoka kwa mafungu. Sikio la kushoto lilikuwa limefunga duka kabisa, halijafungua mpaka leo. Na sakafu ilikuwa inayumba chini yangu kama kivuko cha Kisorya siku ya mawimbi. Hayo yote niliyapokea. Nilijiambia, mikono ipo, macho yapo, mkasi upo, nimeshapona.

Wiki ileile nikafungua kibanda. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikuwa ameacha kitambaa kizuri cha maua, nikakitandaza, nikapiga chaki, nikakata. Nilipoanza kuunganisha ndipo nikagundua nimekata mikono miwili, yote ya kushoto. Nikakaa nikaitazama. Fikiria fundi ambaye hata akiwa usingizini anaweza kukata sketi ya marinda! Nikajaribu kukumbuka ni wapi nilipokosea, nikaona hakuna mahali. Nilikuwa nimeanza kazi, halafu katikati sikuwepo, halafu nikarudi mwishoni. Nani alikuwa ameshika mkasi? Swali hilo lilinitia hofu, lakini kusema kweli lilinitia udadisi zaidi. Nilitaka kumjua huyo mtu.

Kliniki ya kwanza, daktari aliniambia nihesabu kutoka ishirini kurudi nyuma. Nikacheka moyoni, mimi na hesabu nilizofaulu! Nikaenda vizuri mpaka kumi na nne, halafu nikasikia pikipiki nje, nikawaza ya Manyama ina shida ya kabureta, na niliporudi sikujua niliziacha wapi namba. Daktari akaandika. Manyama, aliyekaa pembeni yangu, akatazama viatu vyake.

Tulipofika nyumbani ndipo akaniambia, kwa upole ule wa mtu aliyeanza kuyapanga maneno tangu Musoma, kwamba niende nikakae kwa mama yake Butiama, kuna utulivu, nipumzike. Nikamuuliza na kibanda je. Akasema kuna mtu anakiulizia. Amemwambia asubiri mpaka shule zikaribie kufunguliwa, maana fundi asiyekata sare za Januari hawezi kulipia sehemu sokoni mwaka mzima.

"Na kama nitakuwa bado?" nikamuuliza.

"Kama bado, Mama Neema, tutauza na mashine, tutahamia kule tulime. Sitaki urudi sokoni watu wakucheke."

Hakunisema vibaya. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba hakunisema vibaya. Neema, binti yetu, akabaki naye Bunda kwa ajili ya shule, na mimi nikapelekwa Butiama na begi moja. Mkasi wangu wa kukatia niliuficha katikati ya khanga.

Mama mkwe wangu ni mwanamke wa maneno machache na mikono mingi. Asubuhi yuko shambani, mchana anatwanga, jioni anakamua, na katikati ya hayo anasali rozari bila kuacha jembe. Alinipokea kama yai. Akanipa chumba chenye dirisha linaloyatazama mawe makubwa ya kilimani, akanipikia uji wa ulezi mzito kiasi cha kusimamisha kijiko. Ana mwiko mmoja: mgonjwa haulizwi juu ya ugonjwa wake. Jirani akija kuniona na kuanza kuuliza, eti walisemaje hospitali, nitapona lini, anapelekwa jikoni akasaidie kuchambua mchicha. Kwake yeye, habari ya ugonjwa unaitazama kimya na unaishughulikia kimya.

Basi, siku moja akaja Mwalimu wangu wa masomo ya jioni, kwa pikipiki ya kukodi kutoka Bunda, kavaa koti katika jua lile. Huyu ndiye aliyetufundisha hesabu, sisi akina mama wa sokoni na waendesha bodaboda tunaosinzia. Darasani alikuwa na saa ndogo nyeupe ya plastiki, ya aina wanayotumia watu wa mikate, inayohesabu kurudi nyuma. Anaiweka dakika tisini, anaigeuzia ukutani, na mpaka ilie hakuna kusimama, hakuna simu, hakuna kuuliza muda. Wiki ya kwanza tulitaka kumshtaki. Kuna dereva wa bodaboda aliapa kwamba dakika ile ya sitini ina urefu wa kutoka Bunda mpaka Nairobi. Lakini baada ya miezi kadhaa tulikuwa tunakaa tisini zote kama maji mtungini, na hesabu zikaingia.

Mwalimu akaitoa saa ileile mfukoni, akaniwekea mkononi. Ina tarakimu kubwa za kuonekana kutoka mlangoni na vitufe vya kuongeza dakika. Akaniambia nisianze na tisini, nianze na ishirini, kwa kazi moja tu, na nikichoka kabisa niisimamishe nione zimebaki ngapi. "Halafu igeuzie mgongo," akasema. "Ukiitazama, utakuwa unafanya kazi ya saa, na ya kwako haitafanyika."

Nikaanza kesho yake, mchana. Meza ya sebuleni ilikuwa karibu na dirisha, nalo linayatazama mawe yaleyale. Saa niliiweka juu ya kabati la vyombo, nyuma yangu kushoto, upande wa sikio lililofunga duka, maana hapakuwa na mahali pengine. Kazi yangu ilikuwa kukata patani, vile vielelezo vya karatasi vya kukatia nguo, kwenye magazeti ya zamani: kola, mikono, marinda. Siku ile ya kwanza nilidumu kidogo sana. Nilikata kola moja, mawazo yakapanda juu ya mawe ya dirishani yakakaa huko, kichwa kikaanza kuvuma, nikasimama nikageuka. Dakika kumi na tano zilikuwa bado zipo. Nikalala mpaka jioni kama niliyelima heka tatu.

Lakini nilifurahi, unajua? Kwa mara ya kwanza nilikuwa naona kwa namba kile kilichonitoroka. Nikawa kama mtu anayemfuatilia mwizi wake. Nikagundua kwamba mawazo hayaondoki ovyo: yanaondoka pale mkasi unapokata kona, kwa sababu kona inataka uamuzi. Nikagundua yanarudi nikitoa pumzi kwa mdomo. Nikagundua redio ya jirani haisumbui ikiwa ni mahubiri, inasumbua ikiwa ni mpira. Ukiwa na kichwa kama changu, nakushauri uchunguze cha kwako hivyo, bila hasira. Ni mnyama mgeni tu aliyehamia kwako, mjue anakula nini.

Tabu ni kwamba baada ya wiki ile ya kwanza sikusogea. Kila nikichoka na kugeuka, saa inaniambia bado tisa. Kesho, bado kumi. Kesho kutwa, bado nane. Ina maana katika ishirini niliweza kumi, kumi na mbili, basi, hapohapo, Agosti na Septemba yote. Manyama alikuwa anapiga simu Jumamosi, ananiuliza umefika ngapi, namwambia nusu. "Nusu ya tisini?" Hapana, nusu ya ishirini. Nasikia spana zinagongana kwenye karakana yake.

Mama mkwe naye alibadilika wakati huohuo. Aliacha kwenda shambani mchana. Akahamishia ungo wake na kinu mpaka mlango wa sebule, akawa anapepeta mtama pale siku nzima. Jumuiya ikisali mchana haendi. Majirani wakasema, jamani huyu mkwe anapendwa. Nami nikajisikia mzigo, mwanamke mzima wa kulindwa kama vifaranga.

Mvua za vuli zikaanza, watu wakaingia shambani kupanda pamba, na mimi nikaenda Musoma kliniki. Benchi lilelile. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja aliyenieleza historia ya ng'ombe wake wote, mmoja mmoja, mpaka nikawajua kwa majina na nikawa nawauliza hali. Nilipoingia, daktari akaniambia tena nihesabu kutoka ishirini. Nikaanza. Nje ikapita pikipiki. Niliisikia, nikaiacha ipite. Tatu, mbili, moja, sifuri. Akaniambia nianze mia kurudi nyuma kwa kuruka saba saba, nikaenda nazo mpaka akaniambia inatosha mama, inatosha. Akaniuliza nimekuwa nikifanya nini. Nikamwambia nakata magazeti lakini sifiki popote. Akacheka, akasema anayeweza hivi amefika mbali.

Sasa hapo ndipo udadisi uliponivaa kweli kweli. Vipimo viwili, majibu mawili. Daktari anasema nimefika mbali, saa inasema nimesimama palepale. Mmoja anadanganya, na saa haina sababu ya kunichukia.

Niliporudi Butiama nikaanza kutazama mambo kwa jicho la fundi, lile linaloona uzi uliokwenda kombo. La kwanza lilikuwa jua. Ninapoanza, jua liko kizingitini. Ninapochoka, liko juu ya meza, na watoto wa jirani wanarudi kutoka shule. Dakika kumi gani hizo za kulivusha jua chumba kizima? Mwanzoni nilikuwa nimesema ni ugonjwa, umeniharibia na muda. La pili, magazeti. Patani nilizokata kwa mkao mmoja zilitosha kuvalisha kwaya nzima na padri wao. La tatu lilikuwa dogo kuliko yote. Siku moja niligeuka kuisimamisha saa, nikaona kwenye kitufe cha kuongeza dakika kuna unga. Unga wa mtama, mwekundu, wa kutosha kuonyesha alama ya kidole.

Nilikuwa na kioo kidogo cha kunyolea cha Manyama kwenye begi. Kesho yake nikakiegemeza kwenye chupa ya chai mbele yangu, nikakilaza mpaka kikanionyesha kabati lililo nyuma. Nikakata. Kwa kweli nilikata mpaka nikakisahau kioo. Nilikikumbuka nilipoona kitu kinatembea ndani yake.

Alikuwa mama mkwe. Amevua ndala, anakanyaga kwa vidole kama anayemfuata kuku, mwiko wa ugali bado uko mkononi. Akafika kwenye kabati upande wangu usiosikia. Akaitazama ile saa, midomo inatembea. Akabonyeza kusimamisha, akabonyeza kuongeza, mara nyingi, akabonyeza kuanza, kama nilivyokuwa nabonyeza mimi. Akafanya ishara ya msalaba, akaanza kurudi kinyumenyume.

"Mama," nikasema bila kugeuka. "Unafanya nini?"

Akasimama. Mwiko ulikuwa unadondosha unga sakafuni.

"Nakuongezea," akasema.

"Unaniongezea nini?"

Nikageuka. Mwanamke yule ambaye nilimwona akimtoa nyoka kwenye banda la mbuzi kwa mpini wa jembe, na usoni hana habari, alikuwa anatetemeka kidevu. Akakaa kwenye kiti cha karibu, akauweka mwiko mapajani. Na kwa sababu mwiko wake ulikuwa umeshavunjika, yule mwiko mwingine, wa kutouliza na kutosema, akasema.

Baba mkwe alifia hospitali, mimi nilikuwa bado sijaolewa. Walimlaza karibu na mashine yenye namba zinazowaka. Hakuna aliyemweleza mama ni namba za nini. Aliona tu kwamba zilikuwa juu, zikaanza kushuka. Alikaa pale ameshika mkono wa mumewe, anazitazama zinashuka, na zilipofika chini kabisa mashine ikalia, wakamfunika. Sasa mimi nikatoka hospitali. Nikaja kwake. Baada ya wiki akaingia mtu mwenye koti, akaacha saa ya namba zinazoshuka, na mimi nikaanza kuiweka nyuma ya kichwa changu kila siku na kuinama mezani.

"Nikasema huyu mtoto ameambiwa, na anatuficha," akasema. "Wiki ile ya kwanza nilikuwa nachungulia tu. Nikaona unazibonyeza zinapanda. Kule kwa baba yenu, ile mashine haikuwa na kitufe. Ningekaa nabonyeza mpaka leo. Hii inacho."

Nataka kukuambia kwamba nilicheka. Nilicheka baadaye, tena nilicheka mpaka mbuzi wakageuka. Lakini pale hapana. Miezi mitatu mama huyu alikuwa ameacha shamba lake wakati wa kuliandaa, ameacha jumuiya, amekaa mlangoni na ungo, ili namba zangu zisifike chini.

Nikamwambia ukweli wote, kwamba ni saa ya kazi tu, ya watu wa mikate. Ikifika sifuri inalia, mtu anakunywa chai. Akanisikiliza kwa adabu, kama unavyomsikiliza mtoto anayeeleza kwa nini hakuiba sukari. Ndipo likanijia lile jambo lingine.

"Mama, kwani ulikuwa unaongeza ngapi?"

"Kumi. Kila zikikaribia kuisha."

"Kwa siku, mara ngapi?"

Akafikiri. Mwanzoni mara moja, akasema, unachoka mapema. Siku hizi unanichosha. Jana nimekuja mpaka nimeunguza mboga.

Nikatazama meza. Nikatazama jua, lilikuwa limeshapita kizingitini zamani. Mimi niliyekuwa nalala nikijua sina hata robo saa ya akili, nilikuwa nakaa mchana mzima.

Jumamosi iliyofuata Manyama alikuja na Neema, shule zikiwa zimeshafungwa. Alikuja na sura ya mtu aliyebeba habari. Yule anayekitaka kibanda alikuwa anataka jibu, kwa sababu sare za Januari hazisubiri. Nikamwambia asitoe jibu kabla hajala. Nilikuwa nimemwagiza kwa simu aniletee kitambaa cha bluu cha sketi za shule, kile chenyewe, kipo kibandani. Alikuwa amekileta, lakini amekishika kifuani kama mtu asiye na uhakika wa kukitoa. Sikumlaumu. Gazeti likiharibika unawashia moto. Kitambaa kikikatwa vibaya kimekatwa, na mimi mara ya mwisho nilikata mikono miwili ya kushoto.

Nikakitandaza. Nikachukua futi, chaki na mkasi wangu. Nikaiweka saa tisini, nikaigeuza iangalie sebule, mimi nikaipa mgongo.

"Mama," nikasema, "leo naomba usiniongezee."

Hakuahidi. Alivuta kiti akakaa mbele ya kabati, mikono ameifunga mapajani kwa khanga kabisa, ameizungusha kama mtu aliyejifunga mwenyewe. Manyama akasimama mlangoni. Neema akaambiwa akae kimya, akakaa, kitu ambacho hakijawahi kutokea kabla wala baada.

Yaliyotokea humo katikati siwezi kukusimulia, kwa sababu nilikuwepo. Ukiwepo kweli huna cha kusimulia. Nakumbuka marinda: unagawa kiuno, unaongeza cha kukunja, unapiga chaki, unahakiki, unakata. Nakumbuka kona zinakuja, natoa pumzi kwa mdomo, zinapita. Sketi ya kwanza ikawa vipande, ya pili, ya tatu. Mawe ya dirishani yalikuwepo na sikupanda.

Nikaguswa bega la kulia. Mama mkwe alikuwa amesimama pembeni yangu, khanga ya mikononi imelegea. Uso wake sijawahi kuuona vile.

"Imelia," akasema.

"Nini?"

"Namba. Zimeisha. Imelia sana, halafu imenyamaza yenyewe."

Sikuwa nimesikia. Sikio limefunga duka, na lile jingine lilikuwa kazini. Nikageuka nikaiona: sifuri tupu, mstari mzima, hazisogei. Yeye alikuwa ameziangalia zikifika pale, moja moja, na hakunyanyua mkono. Manyama aliniambia baadaye kwamba saa ilipolia mama alifumba macho, na alipoyafumbua kitu cha kwanza alichotazama ni mkasi wangu. Ulikuwa unatembea.

Manyama akachukua vipande, akavipanga juu ya kiti, kushoto na kulia, mbele na nyuma. Yeye ni mtu wa pikipiki, hajui marinda, lakini anajua kitu kinachoingiana. Akavikunja vizuri. Akasema tu kwamba itabidi turudi Bunda Jumatatu, kuna sare nyingi.

Mama mkwe alikuwa bado anaitazama ile saa. Akaisogelea, akaigusa kwa kidole kimoja, kama unavyomgusa mbuzi uliyekuwa unadhani anauma.

"Iweke tena," akasema. "Nataka kuiona mara ya pili."

Sasa niko kibandani. Bado nachoka kuliko zamani, na siku za joto sakafu bado inakumbuka kivuko. Wateja wanaopita kushoto kwangu wanadhani nina majivuno mpaka wanazunguka kulia. Kama na wewe umetoka hospitali na kichwa chako hakijafika, tafuta saa inayohesabu kurudi nyuma, anza na kidogo, ipe mgongo. Na kama unaona husogei kabisa, kabla hujauza mashine yako, chunguza kwanza nani anapita nyuma yako.

Mama mkwe alikuja kutusalimia shule zilipofungua, na sokoni kulikuwa na foleni ya wazazi kutoka kibandani kwangu mpaka Sirari mpakani, naapa. Alikaa kwenye stuli karibu na saa, akawa anawaambia wateja wasinisemeshe, namba bado zinashuka. Niliona kwenye kioo cha kujipimia wateja alivyowatazama kulia, akawatazama kushoto, akanitazama na mimi. Halafu kidole chake kikaenda kwenye kitufe.

Kumi tu. Nikajifanya sijaona, nikaendelea kukata.